Chumba cha Bwana Masizi

"Wewe mama husikii? Nimesema umsubiri mumeo hapa getini!"

"Nimesubiri miaka yote hii, Mulvaney, nikinyeshewa na mvua huku wewe unakunywa kahawa kibandani. Leo naingia, hata ukinifungulia mbwa."

"Mbwa wenyewe hawaingii humo jua likizama." Mlinzi akashusha sauti. "Loretta, nakuomba. Atatoka mwenyewe."

Loretta alimpita kama anapita nguzo.

Hospitali ya Graywick ndiko walikofungwa wahalifu wenye wazimu, wale walionaswa na yule shujaa mwenye joho anayeruka juu ya mapaa ya jiji. Yeye alishangiliwa. Wake za wahalifu walitemewa mate. Mume wa Loretta, Thaddeus, ndiye aliyekuwa Bwana Masizi. Alivaa barakoa nyeusi, akalifunika jiji zima kwa moshi. Sasa madaktari walisema amepona. Loretta alitaka jambo moja tu: Thaddeus ale nyumbani usiku huo, na watoto wake.

Korido ilikuwa kimya. Kimya mno. Nyuma ya milango ya chuma hakuna aliyecheka, hakuna aliyelia...

Walikuwa wanamsikiliza akitembea.

Thaddeus alisimama nje ya chumba chake, suti ikimpwaya. Hakumkumbatia.

"Tad! Twende, supu inapoa."

"Blanketi langu," alinong'ona. "Liko kitandani. Nichukulie, mpenzi. Miguu yangu haina nguvu."

Loretta akaingia.

Harufu ya masizi ikamkaba koo. Chumba hakikuwa na jiko wala dirisha. Kitandani hapakuwa na blanketi. Juu ya mto ilikuwapo ile barakoa, na ndani yake mlikuwa na unyevunyevu, kana kwamba imevuliwa sasa hivi.

Ikapumua.

Mlango ukafungwa kwa kishindo.

"Tad? Acha mzaha. Tad!"

Nyuma yake kitu kilishuka kitandani, polepole... kikikwaruza sakafu. Hapo ndipo korido nzima ilipoanza kucheka.

Loretta aling'ang'ania kitundu cha mlango. Upande wa pili aliyaona macho ya mumewe. Yalikuwa yamejaa machozi, na yalikuwa na akili timamu kuliko alivyowahi kuyaona.

"Barakoa haikubali kukaa bila uso, Loretta," alisema pale mlangoni. "Watoto nitawaambia hukuja kunichukua."