Kigingi cha Sita

Trekta lilikuwa limelala chali kwenye korongo, magurudumu yakitazama mbingu. Inspekta Wamaitha wa kitengo cha upelelezi, Kisumu, alisimama ukingoni akaupima mteremko kwa macho. Dereva, Lornah Aloo, alikuwa ametolewa humo akiwa hai, paja limevunjika.

"Wanasema alisinzia," alisema Konstebo Wandera.

"Akina nani?"

"Karibu kila mtu, afande. Eti mwanamke, trekta, na mlima kama huu..."

Kwa miezi mitatu Lornah alikuwa akichonga barabara kwenye kilima hiki cha juu ya Kisian, kwa trekta dogo lenye bapa la chuma mbele, mahali ambapo wakandarasi wawili walikataa kuleta mashine. Zilibaki mita mia tatu tu kufika kileleni. Huko juu wagonjwa bado waliteremshwa wakiwa wamebebwa kitandani.

Hospitalini alimkuta Lornah yu macho.

"Ulisinzia?"

"Saa nne asubuhi, afande? Nilifuata pegi, vile vigingi vyekundu vya barabara. Mpimaji aliziweka mwenyewe, na mimi siachi pegi hata futi moja. Nikasikia ardhi imetitia, basi." Machozi yalimlengalenga. "Mguu utapona. Lakini wakishasema nililala, nani atanipa trekta tena?"

Wamaitha alirudi kilimani na ramani ya mpimaji. Yeye na Wandera wakavuta futi kamba. Vigingi vitatu vya kwanza vilikuwa mahali pake. Kuanzia cha nne hadi cha saba, vyote vilikuwa vimesogea mita mbili kuelekea korongoni.

Alichokoachokoa nyasi za upande wa juu kwa fimbo. Fimbo ikazama. Shimo la kigingi, limefukiwa kwa udongo mbichi. Hatua chache mbele, jingine.

"Vimehamishwa," alisema. "Lornah hakulala."

Kisha akakichunguza kigingi cha sita. Vingine vilikuwa vipande vya mbao vilivyopasuliwa kwa msumeno. Hiki kilikuwa cha mviringo, laini, kimeng'arishwa na viganja vya mikono.

"Huu ni mpini wa jembe!" Wandera alisema.

"Kigingi chenyewe kilivunjika kiking'olewa. Mtu akakata mpini wake, akaupaka rangi nyekundu. Twende tukaangalie majembe."

Boma la tatu waliloingia lilikuwa la Mzee Zadock Okello, mjumbe wa kamati ya barabara, mtu wa kwanza kutia sahihi ya kutoa ardhi. Mashimo yaliyofukiwa yalipita kando ya uzio wake. Jembe lake lilikuwa na mpini mpya, mweupe, maganda bado hayajatoka yote.

"Mzee, ule wa zamani uko wapi?"

"Ulivunjika. Nikachoma kama kuni."

Wamaitha aliugonga mpini mpya ukatoka, akaingiza kile kigingi cha sita kwenye tundu la jembe. Kikaingia kikakaa, kila alama ya msuguano mahali pake.

Zadock aliketi chini.

"Sikutaka kuumiza mtu, afande. Nilidhani mita mbili si kitu. Sikujua udongo wa pale ni laini."

"Kwa nini ulivihamisha?"

Alinyoosha kidole nje ya uzio, penye nyasi tupu. "Nyathina. Mtoto wangu, Sylvia. Alikuwa hajaolewa, kwa hivyo tulimzika nje ya boma, vile desturi yetu inataka. Sikuweka hata simenti. Pegi zilipita juu ya kifua chake."

"Si ungesema?"

"Ningesema vipi? Ni mimi nilisimama kanisani nikaomba watu watoe ardhi. Sylvia alifia njiani, tukimteremsha, mimba yake ikiwa ya miezi tisa. Halafu niwe mimi wa kuzuia barabara?"

"Na waliposema Lornah alilala, ukanyamaza."

"Nilinyamaza." Alinyoosha mikono afungwe pingu. "Hiyo inaniuma kuliko zote."

Kwenye baraza la chifu, Zadock alisimama kando ya Wamaitha akayasema yote kwa kinywa chake, na jina la Lornah likasafika mbele ya watu wale wale waliolichafua. Mahakamani alikiri tena, akapewa adhabu ya kutumikia jamii. Uzio wake aliung'oa mwenyewe. Barabara ikapita ndani ya boma lake, na kaburi likabaki salama pembeni.

Miezi sita baadaye, Lornah alipanda tena kwenye kiti cha trekta, mkongojo umefungwa nyuma yake. Injini ilinguruma, bapa likauma kilima, udongo mwekundu ukaporomoka. Siku mita ya mwisho ilipoachia, ziwa lote likaonekana chini, na vigelegele vikapanda. Wanawake walimshusha wakambeba mabegani. Alilia, akacheka, akaimba nao.

Wamaitha, aliyekuwa likizo, alifika kileleni kwa gari lake dogo. Lilikuwa gari la kwanza kabisa kupanda. Kabla hajazima injini, mama mjamzito aitwaye Bridget aliinama dirishani.

"Inspekta, ukirudi unapitia kliniki ya Kisian?"

"Napitia."

Bridget alizunguka taratibu, akaingia kiti cha mbele, akafunga mlango mwenyewe.

"Basi twende," akasema.