Gigabaiti Tatu za Ijumaa Kuu

Bi Zenebech, Weyzero Zenebech kwa majirani, alikuwa amelazwa chali kwenye mkeka wa sebuleni, amefunikwa netela, shuka jepesi jeupe alilotoka nalo kanisani alfajiri. Mezani mchuzi wa kuku, doro wat, ulikuwa umeganda mafuta, na mikate ya injera imeanza kukauka kingo. Ilikuwa Fasika, Pasaka ya Ethiopia, saa tano asubuhi, na mtaa mzima wa Kotebe, Addis Ababa, ulinukia kuku.

Inspekta Wubit Gessesse hakuitwa kwa ajili ya maiti. Aliitwa kwa ajili ya kioo. Kassahun, fundi wa kuchomelea vyuma na mwana wa marehemu, alikuwa amevunja kioo cha gari la wagonjwa kwa jiwe, na dereva alitaka kesi.

"Umekivunja wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Mama ameshika kifua saa tatu. Wao wamefika saa nne na nusu. Nimepiga simu mara sita, Inspekta. Kila mara dada wa mapokezi ananiambia subiri, mashine imezima."

Dereva alijitetea kwamba tangu alfajiri alikuwa ameegesha mitaa minne tu kutoka pale, tangi limejaa, akisubiri amri. Amri ilikuja saa nne na dakika ishirini. Hapo ndipo Wubit alipokasirika. Aliiweka kesi ya kioo kando na kuandika kwenye daftari lake: kifo.

Jumatatu alipanda ngazi za ofisi ya kampuni ya magari hayo, polepole, maana mapaja yalikuwa bado yanamuuma. Ijumaa Kuu alisujudu kanisani mamia ya mara kama sisi wote, na umri wake ulikuwa umeshaanza kumdai.

Bwana Dereje Bizuneh, Ato Dereje kwa wenzake, mkuu wa mifumo, alikuwa amekwisha kuchapa karatasi zote. Mtu nadhifu, mpole, sauti ya chini. Alieleza kwamba programu ya kupokea simu na kutuma magari ilikufa mara tisa asubuhi ya Fasika, kati ya saa tatu na saa nne na robo. Kila ilipofufuka ilipokea simu dakika chache, ikafa tena. Seva hazikuwa na ubovu. Kila programu pale hukaa ndani ya kontena lake, kama chumba chenye mipaka, na kuna faili linaloandika fungu la kumbukumbu ya kompyuta ambalo kila kontena limehakikishiwa, na kikomo chake. Programu ikivuka kikomo, mfumo unaiua bila kuuliza. Ile ya simu ilikuwa na gigabaiti nne. Ijumaa Kuu, saa tano asubuhi, mtu alizipunguza kuwa moja.

Pembeni ya badiliko lile kulikuwa na jina la mhandisi wake, Meklit Hailu.

"Ni binti mzuri," Dereje alisema. "Ila ana haraka."

Meklit aliletwa kituoni mchana huo huo, pamoja na kompyuta yake ndani ya mfuko wa vielelezo. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kama badiliko lile lilikuwa lake, kosa lilikuwa kuua kwa uzembe, na miaka yake iliyofuata ingekwenda gerezani. Alilijua hilo.

"Jina ni lako?"

"Jina langu. Mkono si wangu."

"Ijumaa saa tano ulikuwa wapi?"

"Kanisani, nasujudu."

"Addis nzima ilikuwa inasujudu. Kompyuta ilikuwa wapi?"

"Ofisini, mezani. Sikuifunga kwa neno la siri. Pale hatufungiani, Inspekta, tunaaminiana."

Wubit alimuuliza kama mtu angeweza kupunguza fungu lile kwa kukosea tu. Meklit alifikiri kwa haki, kana kwamba anayetuhumiwa ni mwingine. Alisema ndiyo, mgeni angeweza. Vipimo vya mfungo wa Kwaresima vilionyesha programu ile haifikishi hata gigabaiti moja, maana katika siku zile hamsini na tano mji umetulia: hakuna nyama, hakuna harusi, hakuna walevi barabarani. Lakini asubuhi ya Fasika matumbo yaliyokaa na dengu hukutana na nyama mbichi na pombe ya asali, na simu huja kwa mafuriko. Kila mtu pale kazini alilelewa ndani ya mfungo huo. Hakuna ambaye angeipimia Fasika kwa kipimo cha Kwaresima, labda awe anatafuta kisingizio.

"Basi niambie," Wubit alisema. "Ukiinyang'anya programu moja kumbukumbu, zinakwenda wapi?"

"Zinabaki wazi. Kama kuna inayosubiri, mfumo unaiingiza yenyewe."

"Na kulikuwa na inayosubiri?"

Meklit alieleza kwa kuzunguka. Kila mhandisi huiombea programu yake fungu kubwa kuliko haja, asije akapungukiwa. Kwa hiyo kwenye makaratasi seva zimejaa, huku nusu yake imelala bure. Anayekuja mwisho hana pa kukaa. Kulikuwa na programu moja, ya gigabaiti tatu, iliyosubiri miezi sita.

"Ya nani?"

"Nisamehe, mama. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi."

"Huyo ndiye aliyenipa jina lako, nami sikuwa nimemwomba."

Binti aliinamisha kichwa akalia, na hakulitamka jina. Hakukuwa na haja tena.

Mlinzi wa lango alikumbuka vizuri: Ijumaa ile, zaidi ya zamu ya mapokezi iliyoingia alfajiri, alipanda mtu mmoja tu, mkuu wa mifumo, akakaa nusu saa. Rekodi za mfumo zilimalizia. Saa tano na dakika sita fungu la simu lilipunguzwa. Saa tano na dakika saba programu ya Ato Dereje ilipata nafasi.

Wubit alimwita Dereje kituoni, akaziweka mbele yake karatasi za rekodi hizo mbili.

"Programu yako inafanya nini?"

"Inabashiri. Inasema simu ngapi zitatoka wapi, saa ngapi, ili magari yatangulie. Miezi sita nimeomba nafasi. Kila kikao wananicheka, wananiita mpiga ramli. Nilitaka Fasika moja tu niwaonyeshe."

"Saa tatu programu ya simu ilianza kufa. Uliona?"

"Niliona. Nilikuwa nyumbani, kompyuta mapajani. Watoto walikuwa wanakula."

"Kuirudishia fungu lake ni kazi ya muda gani?"

"Dakika moja."

"Kwa nini hukufanya?"

"Nafasi haikutosha zote mbili. Yangu ingetolewa. Na ilikuwa inapatia, Inspekta. Kwa Kotebe ilibashiri simu saba kabla ya saa nne na nusu. Zikaingia saba. Nilifurahi."

"Sita zilikuwa za mtu mmoja. Mama yake alikuwa anakufa."

Dereje alitia saini maelezo yake bila kuyasoma.

Meklit alitolewa mahabusu jioni ile ile, saa kumi na mbili. Wubit alitegemea maswali au lawama, na alikuwa amejiandaa kuomba radhi. Binti aliuliza jambo moja tu: nani ameirudishia programu ya simu gigabaiti zake?

Wubit alimpigia mtu wa zamu. Hakuna aliyezirudisha. Mkuu alikuwa kituoni, mhandisi wake mahabusu, na wengine walidhani limeshafanyika. Tangu Ijumaa Kuu hadi jioni ile mji wote ulikuwa unategemea fungu lile lile lililomuua Weyzero Zenebech.

Kompyuta ilikuwa kielelezo cha kesi, na kielelezo hakiguswi. Wubit aliuchana mfuko mwenyewe na kumsogezea Meklit kiti.