Sabuni Iliyochelewa

Ijumaa, saa moja na dakika arobaini asubuhi, samaki wote wanne wa Daktari Bhumika walikutwa wamekufa ndani ya tangi la kioo, kwenye chumba cha kusubiria cha kliniki yake ya meno mjini Tabora. Watatu walielea. Wa nne, mwenye mistari ya rangi ya chungwa, alilala kwenye mchanga chini kabisa. Maji yalinuka sabuni ya unga.

Saa mbili na robo Sajenti Veneranda alifika. Elieth, mfanya usafi, alikuwa amekalishwa kwenye benchi pamoja na wagonjwa waliowahi, na kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba amemsimamia.

"Shikamoo, afande," alisema Elieth.

"Marahaba, mwanangu."

"Mambo, dada," alisema kijana.

"Marahaba," alijibu Veneranda, ingawa hakuamkiwa.

Huyo alikuwa Godbless, mtunza tangi. Alikuwa na cheti cha wiki mbili kutoka Dar es Salaam na fulana iliyoandikwa mgongoni "Mtaalamu wa Bahari", katika mji ambao bahari haionekani hata kwa darubini.

"Funguo za mlango tunazo sisi watatu," alieleza daktari. "Leo Elieth ndiye aliyefungua, na sabuni ni ya kwenye ndoo yake. Sijui niamini nini."

"Amini macho yako," alidakia Godbless. "Jana nilimfokea mbele ya wagonjwa, leo analipiza. Mwekeni ndani. Hawa wa Bukene wanachojua ni kunywesha ng'ombe."

Elieth aliinamisha kichwa. Akitoka hapo na pingu, hakuna nyumba Tabora ambayo ingempa ufagio tena.

"Alikufokea kwa nini?" Veneranda alimuuliza.

"Nilimuuliza mbona chumvi inaganda ukingoni mwa kioo. Akasema kazi yangu ni kufuta, si kufikiri."

Veneranda alipitisha kidole ukingoni. Ukoko mweupe ulimeguka.

"Maji unayabadilishaje, mtaalamu?"

"Kila Jumatatu natoa ndoo moja, narudisha ndoo moja ya maji mapya ya chumvi. Kwa kipimo."

"Na siku nyingine? Kwa jua hili la Septemba, hayapungui?"

"Kidole kimoja kwa siku. Naongeza."

"Maji gani?"

Godbless alicheka. "Ya chumvi, dada. Hili ni tangi la bahari. Ulitaka niongeze chai?"

"Na chumvi unaipima?"

"Kila siku. Daftari linasema kawaida."

Veneranda alipiga goti, akachungulia chini. Ubavuni mwa yule samaki wa mchangani zilikuwa zimetulia chembe za buluu za sabuni.

"Pampu imezimwa. Huwa anazima nani?"

"Mimi tu. Swichi imo kabatini, ufunguo uko shingoni mwangu. Mitambo yangu haiguswi na mshamba."

Veneranda alilivuta kabati. Kufuli lilikuwa zima.

"Daktari, nipe kipimo cha chumvi."

Kipimo kilipotumbukizwa, chumvi ilikisukuma kikachomoza juu sana, kikapita alama ya kijani, kikapita hata nyekundu.

"Bibi yangu alichemsha chumvi Uvinza," alisema Veneranda, "ile iliyobebwa zamani na wapagazi hadi hapa Unyanyembe. Hakuwa na cheti, lakini alijua kwamba jua hunywa maji, chumvi huiacha. Kinachopungua ni maji matupu, basi cha kurudisha ni maji matupu. Wewe umerundika chumvi juu ya chumvi, ukaandika 'kawaida' bila kupima."

"Na sabuni je?" Godbless alifoka.

"Sabuni ilichelewa. Imelala juu ya samaki aliyekwisha kufa. Pampu ingekuwa inazunguka, sabuni ingetawanyika na povu lingejaa. Aliyeimwaga alizima pampu kwanza, na hakuvunja kabati."

Mkono wa Godbless ulipanda wenyewe hadi kwenye ufunguo kifuani.

"Saa nne meneja wa hoteli anakuja kuliona tangi, anipe kazi," alisema taratibu. "Nilifika saa kumi na mbili, kabla ya Elieth, nikakuta wamekufa; nikafunga tena mlango nikaondoka. Ningemwambia nini? Mimi, mtaalamu?"

"Ukaona afadhali afungwe binti wa watu."

"Ni mfagiaji tu, afande."

"Kumbe afande unalijua."

Daktari Bhumika alimvua ufunguo, akamgeukia Elieth. "Nisamehe. Nilipaswa kukuuliza wewe kwanza. Utalitunza tangi?"

Elieth hakuupokea. "Kwetu Bukene, daktari, ng'ombe akikataa maji, mchungaji huyaonja. Hamsingizii jirani. Huyu alinifokea mbele ya wagonjwa. Aniombe radhi mbele ya wagonjwa."

Godbless alivua miwani. Alinong'ona jambo kuelekea sakafuni.

Mwishoni mwa benchi, mzee Kasimiri, shavu limevimba kama embe, aliondoa kitambaa mdomoni.

"Paza sauti, mtaalamu," alisema. "Ubovu wetu uko kwenye meno. Masikio tunayo."