Mkono Usio Wake

Walishika kitu kimoja kwa wakati mmoja, kila mtu upande wake, kwenye kibanda cha kompyuta za mitumba mjini Thika, Jumamosi moja watu wamejaa hadi barabarani. Ilikuwa tableti ya kuchorea, nyeusi, tena moja tu.

"Unachora nini?" Kahiga akauliza bila kuiachilia.

"Sichori. Nacheza game ya ngoma. Wewe?"

"Haiya! Hata mimi."

Aketch akamtazama vizuri: kijana mrefu, koti la kazi la buluu, vumbi la simiti hadi kwenye nyusi. Yeye mwenyewe alinukia mafuta, maana alikaanga chipsi hotelini karibu na mtaa wa Landless alikokaa. Kahiga akamwachia tableti, kisha akaomba namba. Mwanamume akikubali kushindwa upesi hivyo, ujue ana lake.

Mchezo wenyewe ni hivi: muziki unapigwa, viduara vinatokea kwenye skrini, nawe unavigusa kwa kalamu ya tableti sawasawa na mdundo. Mwendo wa kalamu hurekodiwa, na yeyote anaweza kuutazama. Aketch alikuwa ameucheza miaka mitano kwa akaunti ileile, na sasa alikuwa wa nne nchini. Wanne wa kwanza ndio wangekuwa timu ya Kenya ya kwenda kushindana Kigali. Hakuna kitu alichokitaka kama hicho.

Miezi saba walipendana kwa simu, yeye Thika, Kahiga Ruiru.

"Babe, leo umekosa duara moja," Kahiga angemtania.

"Nilikuwa nakufikiria, mjinga wewe."

"Na kwa kona kalamu yako huzunguka kidogo kabla ikate."

"Yawa! Kwani unaniangalia hivyo?"

"Kila siku."

Mwezi mmoja kabla ya orodha kufungwa, mafuta ya moto yalimmwagikia Aketch mkono wa kulia. Huku amefungwa bendeji, mchezaji wa tano akaanza kumfikia.

"Nimeisha, Kahiga," alilia kwenye simu. "Nimeisha kabisa."

Jumapili, Aketch akiwa kanisani, Kahiga aliketi chumbani kwake Ruiru akafungua akaunti ya mpenzi wake. Alikuwa amepewa nywila zamani, siku ambayo mapenzi yalikuwa yamewapanda kichwani. Alicheza saa tatu mfululizo. Mchezaji wa tano akaachwa mbali, na Kahiga akatabasamu peke yake kama bwana harusi.

Jumanne Aketch akapata barua pepe. Akaunti imefungwa, haitafunguliwa tena, kwa sababu aliyecheza Jumapili si mwenyewe. Wasimamizi walikuwa wameambatisha rekodi.

Aliitazama. Kwenye kona kalamu ilizunguka kidogo kabla ya kukata. Ilizunguka kwa uangalifu mno, kama mtu anayeiga mwandiko. Akajua ni nani. Hakupiga simu. Alituma ujumbe tu: njoo.

Walikutana kwenye mkahawa mjini Thika, Kahiga amevaa shati lake jeupe la kanisani.

"Aki nisamehe. Nilitaka tu uende."

"Ningeenda."

"Na huo mkono?"

"Niliwaandikia Jumamosi, nikatuma na barua ya daktari. Walikubali kunishikia nafasi mpaka nipone. Nilikuwa nangoja tuonane nikwambie, nione vile utafurahi."

Kahiga akaweka paji la uso mezani. Chai yake ikapoa.

"Mbona hukuniambia kwa simu?"

"Mbona hukuniuliza?"

Kisha Kahiga akainua kichwa, macho yakimng'aa.

"Chukua akaunti yangu! Mimi ni wa sita, mkono ukipona, ukicheza wiki mbili utaingia. Hakuna mtu atajua."

Aketch akacheka, kicheko kibaya kilichowageuza watu wa meza ya pili.

"Kahiga, umeskia vile umesema?"

Hakuwa amesikia. Hapo ndipo Aketch alipokata tamaa kabisa, si kwa ajili ya Kigali tena. Mwanamume huyu alimpenda kwelikweli, sitamsingizia, na angemharibia maisha yake yote kwa moyo safi.

"Nakupenda," Kahiga akasema.

"Najua."

Akasimama, akaanza kufunga zipu ya jaketi kwa mkono wa kushoto. Ikakwama. Kahiga akanyoosha mikono haraka.

"Wacha," Aketch akamwambia. "Nitafunga mwenyewe."

Ilimchukua muda mrefu, na Kahiga akakaa tu akimtazama.