Chaguo Alilolizima Mpishi

Mpishi alikuwa ghorofa moja tu chini yake, akishuka ngazi mbio na kompyuta mpakato kifuani.

Sindano alimfuata kimya, bastola ya Glock mkononi.

"Namtaka mzima," Mzee, mkuu wake, alisema kwenye kifaa cha sikioni. "Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mzee."

"Kusikia na kutii ni vitu viwili, binti yangu."

Aliongeza mwendo.

Mdogo wake Sindano, jasusi kama yeye, alizikwa mwezi uliopita. Walanguzi wa silaha walimvizia mahali alipopataja kwa makao makuu tu, kwa simu ya idara. Simu zile zililindwa na maktaba ya usalama ya chanzo huria, yaani programu ambayo msimbo wake, maandishi yanayoiendesha, uko wazi, kila mtu anaweza kuusoma. Baada ya mazishi wataalamu waliusoma mstari kwa mstari. Ulikuwa safi.

Mwanzoni hakuna aliyetazama machaguo.

Maana kabla programu kama hiyo haijaundwa, fundi huamua: hiki kiwashwe, kile kizimwe. Fundi wa idara alikuwa huyu waliyembandika jina la Mpishi. Alizima chaguo moja tu, lile linaloilazimisha simu kuhakiki kwamba anayeongea nayo ni makao makuu kweli. Simu ikawa inamwamini yeyote aliyejitambulisha kuwa makao makuu.

Iliwaamini wauaji.

Chini, mlango wa chumba cha seva ulianza kujifunga nyuma ya Mpishi. Sindano akauzuia kwa mguu.

Mpishi alikuwa ameshachomeka waya. Alihema, kisha akacheka.

"Umechelewa, dada. Toleo jipya linaenda kwenye simu zenu zote. Uniue, usiniue, linaenda."

"Chaguo umelizima tena?"

"Mapishi yanayopendwa hayabadilishwi."

Sindano alimbamiza ukutani. Mdomo wa bastola ukazama chini ya kidevu.

"Yule kijana nilimlea mimi. Nilimbeba mgongoni."

Kicheko kilikatika. "Sikujua, dada. Haki ya nani, sikujua!"

Kidole cha Sindano kilikaza kwenye kifyatulio.

"Sindano!" Mzee alifoka sikioni.

Alipumua. Akashusha bastola polepole, kama mtu anayetua mzigo asiotaka kuutua.

"Tazama skrini yako."

Mpishi alitazama. Mstari mwekundu: toleo limekataliwa.

"Jana tuliunda toleo letu kwa msimbo uleule, chaguo lako likiwa limewashwa. Tukalinganisha na lako. Hayakufanana, tukalizuia. Halafu tukaipekua mashine yako kwa siri. Kumbe hata programu ya simu za mabosi wako, wale walanguzi, ulikuwa ukiiunda humo humo!"

"Dada..."

"Nikalizima chaguo lilelile kwenye toleo lao. Likaenda kwao na sahihi yako ya kidijitali. Leo asubuhi simu zao zimetuamini sisi. Tumewaita ghalani, wakaja na silaha zao zote, tukawakamata. Sasa wanajiuliza nani kawauza."

Uso wa Mpishi ulipauka. "Nipige risasi," alinong'ona. "Tafadhali."

Sindano alimfunga pingu.

Askari wawili waliingia wakitweta.

"Karandinga la polisi lina nafasi?" aliwauliza.

"Ipo, afande. Lina wale wa ghalani tu."

"Mpakieni humo. Mpeni kiti cha katikati."

"Usiniache nao, dada! Dada!"

Sindano alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. Nyuma yake mtu mzima alianza kumwita mama yake. Hakugeuka. Alitoka nje kwenye jua kali, akavaa miwani yake myeusi, akavuka barabara.