Sakafu Isiyotaka Ndoo

Mtaani kwetu Kasongo, ukitaka kujua kama mwanamke ni msafi, simama karibu na mlango wake asubuhi. Utasikia maji. Kwanza ndoo inamwagwa, shwaa! Kisha ufagio unasugua. Kisha raklete, ule mpira wenye mpini mrefu, unasukuma maji yote mpaka uani.

Mama Aziza ni bingwa wa kazi hiyo. Yeye na mumewe wanauza chumvi, sabuni na vitenge sokoni. Lakini kabla ya kufungua duka, lazima aoshe nyumba. Ndoo tatu kila asubuhi, hata siku ya mvua. Sakafu yake ni ya simenti. Simenti hiyo imemwagiwa maji miaka thelathini, na haijalalamika.

"Pahali pa kuswali panataka maji," huwa anasema. "Kupangusa tu ni uvivu."

Mwanawe Kamaldine anafanya biashara katika mji wa Salamabila. Mwaka jana alijenga nyumba nyuma ya nyumba ya mama yake, akae humo na mkewe Soraya. Katika chumba cha wageni hakutaka simenti. Aliweka parke, yaani sakafu ya vibao vilivyopangwa na kushikana. Vibao vilikuja ndani ya makatoni, vimefungwa kwenye pikipiki kutoka Salamabila. Majirani walikuja kuitazama sakafu kama watu wanaotazama bibi harusi.

Soraya alipokaribia kujifungua mtoto wa kwanza, alikwenda kwa mama yake, huko Nyangwe. Ufunguo alimwachia mama mkwe.

"Mama, nyumba iko mikononi mwako," alisema.

Siku moja simu ililia. Soraya amejifungua mtoto wa kike, salama kabisa. Wangerudi Kasongo kwa sherehe ya arobaini, mtoto akitimiza siku arobaini.

Mama Aziza alipiga vigelegele peke yake uani. Kisha akabeba ndoo tatu, sabuni ya unga na javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, akaingia kwenye nyumba ya Soraya. Mjukuu aje kwenye nyumba yenye vumbi? Haiwezekani! Alimwaga, akasugua, akasukuma. Kesho yake akarudia. Siku tano mfululizo.

Siku ya sita mlango wa chumba cha wageni ulikataa kufunga. Alisukuma kwa bega, ukakataa. Akatazama chini. Vibao vilikuwa vimevimba na kingo zake zimenyanyuka. Karibu na mlango, vibao viwili vilianza kubanduka ngozi ya juu.

Moyo wa Mama Aziza ulishtuka. Soraya alimpa nyumba nzima, yeye atamrudishia mbovu. Watu watasema nini? Watasema mama mkwe alifanya makusudi. Na maneno ya mama mkwe na mkwe hayahitaji kuni ili yawake.

Kwa hiyo alifanya kosa la pili. Alifunga madirisha yote ili jirani asione. Kisha akawasha mbabula, lile jiko la makaa, akaiweka katikati ya chumba ili vibao vikauke haraka.

Halafu akamwita fundi Marcellin, seremala aliyeipanga parke ile. Lakini hakumwambia habari ya sakafu.

"Papa Marcellin, ni mulango tu," alisema. "Unakwama. Lete randa, uuchonge kidogo."

Marcellin alikuja na randa yake. Alipousukuma mlango, joto na unyevu vilimpiga usoni. Akatazama chini, akamtazama Mama Aziza. Mama Aziza alitazama ukuta.

"Mama Kamaldine, kwanza tutoe hii mbabula," alisema Marcellin. "Tena tufungue madirisha. Mutu anaweza kufa humu ndani na moshi wa makaa."

Walitoa mbabula na kufungua madirisha pande zote mbili. Hewa ikapita. Marcellin alipiga magoti, akagonga ubao mmoja mmoja kwa kidole, huku akitega sikio.

"Ndoo ngapi?" aliuliza Marcellin.

"Tatu."

"Mara moja?"

"Kila siku. Siku tano."

"Na javeli?"

"Na javeli," alijibu kwa sauti ndogo.

Marcellin alijaribu kujizuia kucheka, lakini akashindwa. "Mama, uliiogesha kama mutoto!"

Mama Aziza hakucheka. Alikaa kizingitini, akaanza kulia. "Nimeharibu nyumba ya mutoto wa watu. Soraya atanionaje?"

"Usilie. Sakafu haijakufa," alisema Marcellin. "Nimegonga mbao yote. Ni mbili tu imeachana, hii ya mulangoni. Ile ingine ingali imeshikana. Ikikauka polepole, itashuka."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Na nilibakisha katoni moja kule stoo. Hii mbili nitaibadilisha."

Mama Aziza alifuta machozi kwa kitenge chake. Alipumua kwa nguvu, akacheka, kisha akalia tena kidogo. Jiwe zito lilikuwa limeshuka kifuani mwake.

"Lakini fundi, mbao ni mbao," alisema. "Mutumbwi unakaa ndani ya mto kila siku, hauvimbi namna hii. Juu ya nini hii inavimba?"

Marcellin alichukua kipande cha parke kilichobaki, akamwonyesha ubavuni.

"Mutumbwi ni muti mumoja. Tazama hii. Juu kuko ngozi ya mbao ngumu, nyembamba. Chini kuko mbao laini, karatasi juu ya karatasi, zimeshikwa na gundi. Ni kama daftari ya mutoto wa shule. Ukimwagia daftari maji, inafanya nini?"

"Inavimba. Inaachana."

"Ndiyo vile. Maji yanaingia katikati ya vibao, yanashuka chini, hayaoni njia ya kutoka."

"Basi chonga pale paliponyanyuka, paishe."

"Hapana! Ngozi ya juu ni nyembamba. Nikipiga randa, nitaimaliza. Na mulango pia hatuuchongi leo. Sakafu ikishuka, mulango utafunga wenyewe. Sisi tungoje."

Wakapangusa maji yote kwa vitambaa vikavu, hata kwenye pembe. Marcellin akamwambia afungue madirisha kila siku kusipokuwa na mvua. Mvua ikija, afunge haraka. Moto asiwashe tena mle ndani.

"Sasa nyumba nitaisafisha namna gani?" aliuliza Mama Aziza. "Nikae na uchafu?"

"Hakuna mutu amesema uchafu. Kila siku fagia na ufagio laini, wa nyasi. Ule wa njiti unakwaruza. Muchanga ndio adui, unakula rangi kama msasa. Kwa hiyo weka kipangusio cha miguu nje ya mulango, na kingine ndani. Viatu vibaki nje."

"Viatu vinabaki nje siku zote. Sisi tunaswali."

"Vizuri. Nyinyi mulishaanza."

Marcellin akaomba nusu ndoo ya maji. Alitia matone machache ya sabuni ya vyombo. Akachovya kitambaa, akakikamua. Maji yalitiririka. Akakikamua tena, na tena, mpaka hakuna tone lililoanguka. Akapangusa ubao mmoja ambao haukuvimba.

"Tazama alama ya maji. Nikimaliza kusoma Baba Yetu, inapasa iwe imekauka. Isipokauka, kitambaa kina maji mingi."

"Mimi nitapima na Alhamdu," alisema Mama Aziza.

"Alhamdu ni fupi. Soma mara mbili."

Wote wawili walicheka.

"Kupangusa hivi ni mara moja kwa wiki," Marcellin aliendelea. "Chai ikimwagika, futa palepale. Mutoto akikojoa, vilevile. Usiseme nitakuja kesho. Javeli hapana. Na usipake mawese eti ing'ae."

"Nilikuwa nataka kupaka," alikiri Mama Aziza.

"Mawese ni ya kupikia sombe, Mama. Kwa sakafu inashika vumbi na inaangusha watu. Na chini ya miguu ya viti, bandika vipande vya blanketi kuukuu. Kiti unakibeba, haukikokoti."

Alipokuwa anaondoka, Marcellin aligeuka. "Umwambie Kamaldine. Usimfiche."

Hilo ndilo lilikuwa gumu. Mama Aziza alizunguka uani na simu mkononi. Mwisho akapiga, akasema yote bila kuvuta pumzi.

"Mama," alisema Kamaldine, "kosa ni langu. Uliachiwa ufunguo, na mimi sikukupa maelezo. Ungejua namna gani?"

Siku hiyo Mama Aziza alikula sahani mbili za ugali.

Wiki ya kwanza sakafu haikubadilika. Wiki ya pili kingo zilianza kushuka. Wiki ya nne mlango ulifunga wenyewe, bila randa. Marcellin akabadilisha vile vibao viwili. Vipya vilikuwa na rangi nyepesi kidogo, lakini chumba kilikuwa sawa. Mama Aziza alipitisha mkono juu ya sakafu, hakuona mwinuko. Alishukuru Mungu kwa sauti.

Soraya alirudi na mtoto. Siku ya arobaini watu walikula wali na nyama ya mbuzi mpaka wakashiba.

Kwetu, wanawake hawaondoki na kumwachia mwenye sherehe nyumba chafu. Ni aibu. Kwa hiyo baada ya dua, wanawake kumi na wawili walifunga vitenge viunoni. Djamila, dada mkubwa wa mume wa Mama Aziza, aliongoza. Kila mmoja alikuwa na ndoo iliyojaa maji.

Mama Aziza alikimbia, akasimama mlangoni, mikono imeshika mwimo huku na huku.

"Wifi, ngojeni. Humu hatumwagi maji."

Djamila alikunja uso. "Unatufukuza? Nyumba ya mutoto wetu ilale chafu? Ni nani alikufundisha hayo, Aziza? Wewe wa ndoo tatu?"

Soraya alikuwa nyuma na mtoto begani. Ilikuwa rahisi kwa Mama Aziza kusema kwamba mkwe ndiye hataki. Wote wangeamini.

"Nilijifundisha kwa kuharibu," alisema Mama Aziza kwa sauti, wote wasikie. "Soraya aliniachia nyumba nzuri. Mimi nilimwaga ndoo tatu siku tano, sakafu ikavimba. Nikafunga madirisha kwa haya, nikazidisha ubaya. Fundi Marcellin ndiye aliniokoa. Musiilaumu nyumba. Munilaumu mimi."

Soraya alisogea, akasimama ubavuni mwa mama mkwe wake. Djamila aliwatazama wote wawili. Kisha akaweka ndoo yake chini.

"Basi tuonyeshe," alisema.

Mama Aziza alikamua kitambaa mpaka hakuna tone lililoanguka, akampa wifi yake. Djamila akapiga magoti, akaanza pembeni. Wengine walileta vitambaa vyao. Walicheka, wakasoma Alhamdu mara mbili juu ya kila ubao, wakabishana ni nani amekamua vibaya.

Wanawake kumi na wawili waliisafisha nyumba ya Soraya, ikang'aa, kwa nusu ndoo ya maji.