Koti la Kukhu

Jioni moja ya Machi, Emma alimtuma mumewe nepi. Nepi tu. Duka liko ng'ambo ya barabara hapo Lewisham, hata mvivu wa kiwango cha Jotham angeenda na kurudi chai haijapoa. Lakini Jotham alitoka na mfuko mweusi wa taka kwapani, na ndani ya mfuko mlikuwa na koti.

Koti lilikuwa limelowa.

Tena.

Tangu Jotham arudi kutoka Japani, kila jua likizama koti lile lilianza kudondosha maji pale kwenye msumari wake, karibu na mlango. Tone... tone... tone. Emma alitega beseni, akampigia mwenye nyumba kulalamika kwamba dari inavuja. Fundi akaja, akapapasa dari. Kavu kama ulimi wa mlevi asubuhi.

Ingekuwa koti peke yake, Jotham angelitania mpaka alizoee. Huyo bwana hutania kila kitu. Shida ilikuwa mtoto. Binti yao alikuwa na siku kumi na moja duniani, hana jina, na koti likianza kudondosha, naye alianza kulia. Vidole vyake vilikuwa baridi kama vijiko. Mkunga alimpima mara mbili, akasema ni mzima. Tangu jana alikuwa amekataa kunyonya.

"Analilia jina," Senge Nelima, shangazi yake Jotham, alisema kwa simu kutoka Chesikaki, huko chini ya mlima Elgon. "Mtajieni waliokufa, mmoja mmoja. Akimsikia wake atanyamaza."

Jotham aliwataja. Babu, wajomba, mpaka mwalimu wake wa darasa la pili. Mtoto akazidi kulia.

"Umemruka mmoja," Emma alisema.

"Nimewamaliza."

"Mtaje Kukhu, Jotham."

"Kesho."

Kukhu ndiye bibi aliyemlea. Na hapo ndipo penye kidonda.

Oktoba iliyopita Jotham alimnunulia koti. Zito, jekundu la kuiva, saizi kubwa ili Kukhu alipitishe juu ya sweta zake tatu. Alilipiga picha, akaituma, na kijiji kizima kikajua Jo wa London amenunua koti. Desemba, Fanuel wa kanisani kwao akawa anasafiri kwenda nyumbani, akapita kukusanya mizigo ya watu.

"Lete la bibi yako," alisema. "Begi bado lina nafasi."

Lakini wiki hiyohiyo Nitin, mwenzake wa kazini, Mhindi wa Harrow ambaye wazazi wake walitoka Nakuru, alikuwa amempa nafasi kwenye safari ya kuteleza thelujini huko Japani. Binamu yake Rupal alikuwa amejitoa. Basi Jotham akalitazama koti. Akalijaribu mbele ya kioo. Likamkaa, tena likamkaa vizuri.

"Nitampelekea mwenyewe," akamjibu Fanuel.

Januari, Kukhu akafa. Mapafu. Usiku wa kiangazi kule mlimani huuma kama mbwa asiye na mwenyewe. Jotham alibakiwa na siku mbili apande ndege. Emma, na tumbo lake kubwa, alimwambia aende akamzike bibi yake. Yeye akawaambia watu wa nyumbani kwamba karatasi zake zimekwama uhamiaji, akaenda Japani. Amevaa koti la marehemu.

Mlima wenyewe wa huko Japani haukuwa wa kutisha mtu. Si mkubwa, si mdogo. Lifti sita za viti vya kupandisha watu juu, hoteli tatu, mkahawa wa supu ya tambi, na vipaza sauti juu ya nguzo vikiimba nyimbo za zamani kutwa nzima. Jotham alianguka siku mbili mfululizo, na picha zote alipiga akiwa amesimama.

Siku ya tatu, giza likianza kuingia, wimbo ukabadilika. Wa polepole, wa kuwaambia watu warudi makwao. Nitin akataka wapande mara ya mwisho. Akarukia kiti cha mbele, Jotham akangoja kinachofuata. Vilikuwa viti vya watu wawili wawili, vinaning'inia kwenye waya, na chini alisimama mzee mwenye ufagio, kazi yake kufagia theluji kwenye kiti kabla mtu hajakaa.

Mzee alifagia upande wa Jotham. Akainamisha kichwa.

Kisha akafagia upande wa pili. Taratibu. Akainama mpaka kiunoni.

Jotham akacheka peke yake, akadhani ndiyo adabu ya Wajapani. Kiti kikamkumba, kikamnyanyua. Kelele za chini zikafifia. Theluji... waya unaolia kwiii... miti myeusi. Halafu harufu. Ugoro. Ugoro na moshi wa kuni mbichi, angani, Japani.

Kiti kikalemea upande wa pili.

Hakugeuka. Shingo ilikataa.

"Jo," sauti ikanong'ona sikioni, karibu hata ungedhani inatoka ndani ya kofia. "Songa. Umekalia koti langu."

Alisonga. Nani asingesonga?

Juu kabisa Nitin alikuwa akimngoja, anacheka. "Wewe bana, watu wanakuja huku kutafuta wasichana, wewe unapata nyanya. Ameshukia wapi yule mama?"

"Mama gani?"

"Si yule mlikuwa mmekaa naye. Nilimpungia mkono." Nitin akatazama viti vilivyokuwa vikija nyuma, kimoja kimoja, vitupu. Kicheko kikamkauka. Hawakulizungumza tena, hata ndani ya ndege.

Basi ndilo koti alilokuwa nalo kwapani jioni hiyo ya Machi. Alipanda basi vituo vinne, akafika kwenye pipa la nguo kuukuu karibu na stesheni, akausukuma mfuko ndani kwa mikono miwili. Akausikia ukitua. Pu. Akanunua nepi, akasimama kituoni akipiga mluzi, mwepesi kama mtu aliyeponyoka kesi.

Basi la kurudi likaja. Mlango ukafunguka. Kisha basi likashuka upande mmoja, fssss, likainama hadi usawa wa barabara, kama linavyowainamia wazee wasioweza kupanda.

Kituoni alikuwa peke yake.

Alipopanda, dereva hakumtazama yeye. Alitazama nyuma ya bega lake, akasema kwa Kizungu, kwa upole, "Usijali mama, polepole. Hatuna haraka."

Jotham akashuka kabla hajakaa. Akakimbia vituo vyote vinne.

Nyumbani kulikuwa kimya. Mtoto halii. Sakafu kavu, beseni kavu, msumari mtupu. Akaingia chumbani.

"Shhh," Emma alinong'ona. "Amenyonya. Amelala. Lile koti ndilo lililomsaidia."

Binti yao alikuwa amefunikwa koti jekundu mpaka kidevuni.

"Umelitoa wapi?"

"Mlangoni. Kuligongwa, nikajua umesahau ufunguo. Nikalikuta chini limekunjwa, mikono imeingizwa ndani, limefungwa kamba ya katani. Nani siku hizi anafunga nguo hivyo?"

Jotham alimjua mmoja. Akaligusa. Lilikuwa kavu, na lilikuwa na joto, kama limevuliwa sasa hivi mwilini mwa mtu.

Akapiga magoti kando ya kitanda. "Nasimiyu," akasema. Jina la Kukhu. Mtoto akafumbua macho, akatazama nyuma ya bega la baba yake, akatulia.

"Sasa mpigie Senge," Emma alisema. "Umwambie na lile lingine."

Akampigia. Akasema yote: karatasi hazikukwama, alikwenda kucheza thelujini, koti alilivaa yeye. Ng'ambo jogoo akawika, saa isiyo yake.

"Fanuel alipokuja na mizigo," Senge alisema mwishowe, "Kukhu alikaa kwa lango mpaka giza. Siku ya kufa akakataa blanketi. Tukimfunika, analitupa. Akasema koti lake liko njiani, ila linapitia kwanza mahali pa theluji."

"Nani alimwambia?"

"Hata sisi tulikuwa tunataka kukuuliza."

Nasimiyu sasa ananenepa, vidole vyake vina joto, na koti halijadondosha tena hata tone. Jotham ndiye mwenye baridi. Analala na soksi mbili na sweta tatu, na Emma hamgusi miguu. Hajawahi kutupa udongo kwenye lile kaburi. Anasema ataenda Desemba.

Asubuhi akienda kazini husimama kituoni peke yake. Basi huja. Huinama.

Jotham husogea kando, hungoja kidogo, kisha hupanda wa pili.